Diski iliyosimbwa imekataa kufunguka: jinsi ya kutafuta kosa kwenye seva ya nyumbani

Umeme umekatika, umerudi, seva imewaka, lakini folda ya picha ni tupu. Au seva haijamaliza kuwaka, imeganda kwenye skrini nyeusi ikisubiri diski. Au umeandika nenosiri lile lile ulilolitumia miaka mitatu na linakataliwa. Kwa mwenye seva yote haya ni balaa moja: "usimbaji umeharibika." Mara nyingi usimbaji wenyewe hauna kosa lolote. Kosa liko ghorofa ya chini yake au ya juu yake, na dawa ya ghorofa moja ni sumu kwa nyingine.

Nazungumzia LUKS, mfumo wa kusimba diski kwenye Linux, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye seva nyingi za nyumbani. ZFS, mfumo wa faili wenye usimbaji wake wenyewe, nitaigusa mwishoni.

Kwanza, usiandike chochote kwenye diski

Diski iliyosimbwa imepangwa tabaka juu ya tabaka: diski yenyewe, kisha patisheni (kipande cha diski), pengine RAID (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja), kisha LUKS, pengine LVM (kigawanyaji cha nafasi), kisha mfumo wa faili, na juu kabisa huduma zinazosoma faili. Kagua kutoka chini kwenda juu. Amri ya kwanza ni hii, nayo haibadilishi kitu:

    lsblk -f

Kwenye diski yenye afya utaona mfano wa hivi (`hazina` ni jina nililoipa diski ikishafunguliwa):

    sdb
    └─sdb1      crypto_LUKS  2
      └─hazina  ext4         1.0

Mstari unaokosekana ndio unaokuonyesha pa kuanzia. Ukiona `sdb` bila `sdb1`, tatizo ni patisheni au adapta, na nenosiri halihusiki hata kidogo. Ukiona `sdb1` bila neno `crypto_LUKS`, tatizo ni kichwa cha LUKS, yaani eneo la mwanzo linalobeba maelezo ya usimbaji na nafasi za funguo. Ukiona `hazina` bila aina ya mfumo wa faili, LUKS imeshamaliza kazi yake na mzigo uko juu yake.

Kabla hujajaribu tiba yoyote, toa nakala ya kichwa na uiweke kwenye kifaa kingine:

    cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file kichwa-sdb1.img

Kwa LUKS2 faili hii kwa kawaida ni MiB 16. Diski ya terabaiti 8 inategemea hizo MiB 16 za mwanzo. Zikipotea, kilichobaki ni kelele tupu. Amri ikikataa kwa kuwa haikitambui kichwa, chukua mwanzo wa patisheni jinsi ulivyo: `dd if=/dev/sdb1 of=mwanzo-sdb1.img bs=1M count=32`. Angalia `if` na `of` mara mbili. Herufi hizo mbili zimewaliza watu wengi kuliko virusi.

Dalili: "No key available with this passphrase"

Ujumbe huu unasema jambo moja tu: ulichoandika hakikufungua nafasi yoyote ya ufunguo. Hausemi umekosea nini. Nenosiri lako halisimbi data moja kwa moja. Linafungua nafasi, na ndani ya nafasi umo ufunguo mkuu, na huo ndio unaosimba diski. LUKS1 ina nafasi 8, LUKS2 ina hadi 32.

Anza na kibodi. Ukiandika nenosiri mapema seva inapowaka, mpangilio wa kibodi huenda si ule unaoutumia mfumo ukishawaka wote. Kwenye mpangilio wa Kijerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, kwenye wa Kifaransa A na Q, na alama kama @ na # huhama karibu kila mahali. Huoni unachoandika, hivyo huwezi kushtuka. Subiri mfumo uwake bila diski hiyo, ingia, kisha jaribu hivi:

    cryptsetup open --test-passphrase -v /dev/sdb1

Hapa hakuna kinachofunguliwa. Nenosiri linapimwa tu. Likikubali, utaambiwa ni nafasi namba ngapi iliyofunguka, na hapo umejua kosa ni la kibodi au la faili za kuwashia. Mimi huongeza nenosiri la pili refu lenye herufi ndogo zisizohama tu, bila alama, kwa ajili ya siku kama hiyo.

Chanzo cha pili kilinipotezea Jumamosi nzima. Nilikuwa na nenosiri lililofanya kazi vizuri nikiliandika kwa mkono, nikataka seva ijifungulie yenyewe kwa faili ya ufunguo. Nikaandika `echo simba > /root/ufunguo`, nikaielekeza `/etc/crypttab` huko (ndiyo orodha ya diski za kufunguliwa seva inapowaka), nikawasha upya. Ikakataa. Nikaandika kwa mkono, ikakubali. Nikalaumu systemd, programu inayowasha huduma zote, nikalaumu ruhusa za faili, nikaanza hata kuishuku RAM. Jioni ndipo nilipotazama ndani ya faili:

    $ xxd /root/ufunguo
    00000000: 7369 6d62 610a            simba.

Herufi tano, baiti sita. Ile `0a` ya mwisho ni alama ya mstari mpya ambayo `echo` huibandika bila kuulizwa. Ukiandika kwa kibodi, cryptsetup huishia ulipobonyeza Enter na haiihesabu. Ikisoma faili ya ufunguo, husoma kila baiti, pamoja na hiyo. Kwake "simba" na "simba" yenye mkia ni maneno mawili yasiyojuana. `printf '%s'` ingetosha kulitatua, lakini hakuna sababu ya kuweka nenosiri la binadamu ndani ya faili. Tengeneza ufunguo wa nasibu na uupe nafasi yake:

    dd if=/dev/urandom of=/root/ufunguo bs=64 count=1
    chmod 600 /root/ufunguo
    cryptsetup luksAddKey /dev/sdb1 /root/ufunguo

Bila shaka, faili hiyo ikikaa kwenye diski ya mfumo isiyosimbwa, mwizi anayebeba seva nzima anabeba na ufunguo. Inakulinda unapotupa au kurudisha diski mbovu, basi.

Chanzo cha tatu ni diski siyo. Ukiwa na diski mbili za aina moja, majina `sda` na `sdb` yanaweza kubadilishana kila seva inapowaka. Linganisha jibu la `cryptsetup luksUUID /dev/sdb1` na kilichoandikwa kwenye `/etc/crypttab`. Na kama crypttab yako inataja `/dev/sdb1` badala ya `UUID=...`, umeshapata kazi ya leo.

Cha nne ndicho kibaya: nafasi yenyewe imeoza. LUKS hueneza ufunguo mkuu makusudi katika vipande 4,000. Ufunguo wa baiti 64, ambao ndio wa kawaida kwa kanuni ya usimbaji ya AES-XTS ya biti 512, unachukua baiti 256,000 kwenye diski, na kila kipande kinahitajika ili kuurudisha. Lengo ni zuri: ukitaka kuufuta ufunguo, kuharibu sehemu ndogo kunatosha. Lakini ubaya ni ule ule, kwani sekta moja ya baiti 512 ikibadilika, nafasi nzima imekufa hata kama nenosiri ni sahihi. Sekta isiyosomeka kabisa kwa kawaida itajitangaza kwenye `dmesg` (ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux) kama kosa la kusoma, na `smartctl -a /dev/sdb` itaonyesha `Current_Pending_Sector` iliyozidi sifuri. Iliyobadilika kimyakimya haitangazi kitu.

Pima nafasi moja moja:

    cryptsetup open --test-passphrase --key-slot 1 -v /dev/sdb1

Kama nafasi nyingine inafunguka, diski yako imepona. Hamisha data, kisha ishughulikie diski. Kama hakuna inayofunguka na una nakala ya kichwa, jaribu nakala hiyo bila kuirudisha kwanza:

    cryptsetup open --test-passphrase --header kichwa-sdb1.img /dev/sdb1

Ikikubali, ndipo utumie `luksHeaderRestore`. Kama huna nafasi nzima wala nakala, data imekwenda. Anayekuahidi kuirudisha kwa malipo anauza upepo.

Dalili: nenosiri linakubali kwenye kompyuta kubwa, linashindwa kwenye seva ndogo

Hii huja na ujumbe kuhusu kumbukumbu kutotosha, au mchakato unauawa tu kimya. LUKS2 hutumia Argon2id, kanuni iliyokusudiwa kula RAM ili anayebahatisha manenosiri aumie. Ukiiandaa diski kwenye kompyuta yenye RAM nyingi, kila jaribio linaweza kuhitaji hadi GiB 1. Kibao kidogo chenye GiB 1 kwa jumla hakiwezi. Angalia mstari wa `Memory` kwenye `cryptsetup luksDump`. Namba 1048576 ni kilobaiti, yaani GiB 1 nzima. Rudi kwenye kompyuta kubwa, toa nakala ya kichwa, kisha:

    cryptsetup luksConvertKey --pbkdf-memory 262144 /dev/sdb1

Hapo umeshusha hadi MiB 256. Ulinzi unapungua kiasi, hivyo nenosiri liwe refu.

Dalili: "is not a valid LUKS device"

Usikimbilie kuhitimisha kwamba kichwa kimefutwa. Kama LUKS imekaa juu ya RAID ya mdadm, programu ya RAID ya Linux, tazama `cat /proc/mdstat` kwanza. RAID isipounganishwa, kifaa chenye kichwa hakipo, na ukiigusa diski moja ya RAID peke yake unatazama mahali pasipo sahihi.

Kisha uliza kama diski imehamishwa kutoka sanduku la USB kwenda SATA, au kinyume chake. Baadhi ya adapta za USB huitangazia Linux sekta za baiti 4,096 ilhali diski ile ile kwenye SATA hutangaza 512. Jedwali la patisheni la GPT huanza sekta namba 1. Kwa hesabu moja hiyo ni baiti ya 512, kwa nyingine ni baiti ya 4,096. Matokeo yake diski inaonekana haina patisheni hata moja, na mfumo mwingine utakuuliza kwa upole kama ungependa "kuiandaa". Kataa. Irudishe kwenye adapta yake ya awali na patisheni zitajitokeza zenyewe.

Ukishaondoa hayo mawili, tazama baiti zenyewe:

    xxd -l 6 /dev/sdb1
    xxd -s 16384 -l 6 /dev/sdb1

Ya kwanza inatakiwa ionyeshe `4c55 4b53 babe`, yaani LUKS na baiti mbili za alama. Ya pili, kwa LUKS2 yenye mpangilio wa kawaida, inaonyesha `534b 554c babe`: neno lile lile kinyumenyume, SKUL. Hiyo ni nakala ya pili ya maelezo ya kichwa. Kama ya kwanza imeharibika na ya pili iko, `cryptsetup repair /dev/sdb1` inaweza kuijenga ya kwanza upya. Ila nakala hiyo ni ya maelezo tu. Nafasi za funguo zinazofuata baada yake hazina nakala popote kwenye diski.

Tukio ninaloliogopa zaidi ni la mtu aliyesimba diski nzima bila patisheni, kisha akaichomeka kwenye mfumo mwingine ukaiona "tupu" na kuandika GPT. GPT kamili huchukua sekta 34 za mwanzo, yaani baiti 17,408 kwa sekta za 512. Maelezo ya kwanza ya LUKS2 yanaishia baiti ya 16,384, hivyo GPT imeyafunika yote na kumega baiti 1,024 za nakala ya pili, pamoja na ile alama ya SKUL. `repair` haitaona kitu. Lakini sehemu ya JSON ya nakala ya pili, yenye chumvi za nenosiri (baiti za nasibu zinazochanganywa na nenosiri) na mahali zilipo nafasi, huanza baiti ya 20,480 na imepona, na nafasi za funguo pia. Kichwa kinaweza kujengwa upya kwa mkono kutokana na hapo. Ni kazi ya kufanyia kwenye nakala kamili ya diski, na asiyezoea kuhesabu baiti amtafute aliyezoea. Ndiyo sababu mimi husimba patisheni, si diski nzima, hata kama ni patisheni moja tu: mfumo mgeni ukiona patisheni, hauiiti diski tupu.

Na kama umegundua kichwa kimefutwa huku diski bado imefunguliwa na inasomeka, usizime seva. Usiwashe upya, usifunge `hazina`. Ufunguo mkuu bado uko kwenye kerneli, na hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki. Kwenye LUKS2 hukaa kwenye hifadhi ya funguo ya kerneli, kwa hiyo `dmsetup table --showkeys` itakupa jina lake tu, haitakupa ufunguo wenyewe. Nakili data yote kwenda diski nyingine sasa hivi.

Dalili: inafunguka, lakini haipachikiki

Ukiambiwa `unknown filesystem type 'crypto_LUKS'`, umejaribu kupachika (mount) `/dev/sdb1` badala ya `/dev/mapper/hazina`. Hilo ni la sekunde mbili. Kama ndani kuna LVM, iamshe kwa `vgchange -ay`. Kama umeme ulikatika katikati ya kuandika, endesha programu ya kukarabati mfumo wa faili, `fsck` au `xfs_repair`, kwenye `/dev/mapper/hazina`, kamwe si kwenye diski ya chini.

Kama hakuna mfumo wa faili unaotambulika kabisa, uliza swali chungu: kuna mtu aliyeendesha `luksFormat` tena? Watu hudhani kwamba wakitumia nenosiri lile lile watarudi walipokuwa. Hapana. Kila `luksFormat` huzaa ufunguo mkuu mpya. Nenosiri litakubaliwa vizuri kabisa, na nyuma yake utakuta takataka, kwa sababu data ya zamani ilisimbwa kwa ufunguo ambao haupo tena. Kinachoweza kuirudisha ni nakala ya kichwa cha zamani, basi.

Dalili: seva nzima haiwaki kwa sababu ya diski moja

systemd husubiri diski iliyotajwa kwenye `fstab` (orodha ya diski za kupachikwa) kwa sekunde 90, kisha hukutupa kwenye hali ya dharura. Kwa diski ya data hii haina maana. Weka `nofail`, yaani "ikikosekana endelea", kwenye `crypttab` na kwenye `fstab`, kote kuwili. Ukiweka upande mmoja tu utaendelea kusubiri na kushangaa. Kama ni diski ya mfumo iliyosimbwa na seva haina skrini, Debian na jamaa zake wana `dropbear-initramfs`: unaingia kwa SSH mapema na kuandika `cryptroot-unlock`.

Waliofungamanisha diski na TPM2 (chipu ya usalama inayotunza ufunguo) kwa `systemd-cryptenroll` wajue kwamba kubadilisha mipangilio ya Secure Boot, ukaguzi wa programu za kuwashia, huweza kubadilisha vipimo ambavyo TPM inavitegemea, nayo ikagoma. Hakuna kilichoharibika. Fungua kwa nenosiri, kisha sajili upya. Ila uwe nalo hilo nenosiri.

Dalili: folda ni tupu, na diski ya mfumo imejaa ghafla

Hizi mbili zikija pamoja, jibu ni karibu moja kila mara. Diski iliyosimbwa haikufunguka, lakini huduma zimewaka kama kawaida na kuandika ndani ya `/srv/hazina`, ambayo sasa ni folda ya kawaida kwenye diski ya mfumo. Simu za nyumba nzima zinapakia picha usiku kucha, kila kitu kinasema "imekamilika". Ukifungua diski asubuhi na kuipachika, picha za jana "zinapotea", kwa kuwa zimefunikwa.

Thibitisha kwa `findmnt /srv/hazina`. Isipojibu kitu, hakuna kilichopachikwa. Zilizofunikwa zinaonekana kwa mlango wa nyuma:

    mkdir -p /mnt/chini
    mount --bind / /mnt/chini
    ls /mnt/chini/srv/hazina

Zihamishe. Kisha zuia isirudie: diski ikiwa haijapachikwa, endesha `chattr +i /srv/hazina`. Folda tupu hukataa kuandikwa hata na root, msimamizi mkuu wa mfumo, lakini kupachika juu yake kunaendelea kufanya kazi. Huduma zinazoendeshwa na systemd ziongezee `RequiresMountsFor=/srv/hazina`. Hiyo `chattr` nimeiweka kwenye kila seva ninayoigusa tangu nilipoijua.

Dalili: haifungiki, "still in use"

`fuser -vm /srv/hazina` itawataja wengi wa wanaoishikilia. Ikinyamaza na diski bado imeshikiliwa, shuku NFS, njia ya kushirikisha folda kwenye mtandao: seva ya NFS iko ndani ya kerneli, kwa hiyo haionekani kama mchakato mwenye faili wazi. `exportfs -ua` huiachisha. Kontena pia huweza kubaki na nakala yao ya upachikaji hata baada yako kuondoa ya kwako. `dmsetup ls --tree` itakuonyesha kama LVM imekaa juu.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, ila polepole

Endesha `cryptsetup benchmark`. Hupima kwenye RAM tu, hivyo huitenga diski na lawama. Kichakataji chenye amri za AES hupita kasi ya diski yoyote ya sahani. Raspberry Pi 4 haina amri hizo, ya 5 inazo. Kwenye ya 4, kanuni nyingine ya usimbaji iitwayo Adiantum (`xchacha20,aes-adiantum-plain64`) huwa na kasi kubwa kuliko AES, lakini kubadilisha kanuni ni kusimba upya diski nzima. Kama benchmark inatoa namba kubwa na kuandika bado kunasuasua, tatizo ni adapta ya USB au diski ya SMR, ambayo huanza kwa mbio na kulegea ukiandika mfululizo kwa muda mrefu.

Na ZFS?

Usimbaji wa ndani wa ZFS hauna kichwa cha LUKS. Ufunguo unahusu seti ya data, si diski. Hivyo `zpool import` hufaulu na `zpool status` huonyesha afya njema, huku folda zikiwa tupu. Tazama `zfs get keystatus`. Ikisema `unavailable`, ni `zfs load-key -a` kisha `zfs mount -a`. Ukitaka kupima tu kama unalikumbuka nenosiri bila kufungua chochote, `zfs load-key -n` hufanya hivyo, hata kwa seti ambayo tayari iko wazi.